Dari Imefanya Tumbo: Maswali ya Boriti, Majibu ya Fundi

Mvua za masika zikitulia ndipo watu huinua macho wakatazama dari. Maswali ya safari hii, kutoka mitaa yetu ya Mombasa, karibu yote ni ya boriti. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Sakafu ya chumba cha juu inatikisika watoto wakipita mbio, hata vikombe kabatini vinagongana. Ukitazama kutoka chini, boriti za katikati zimeshuka. Nyumba ni ya marehemu babu, ya mawe na chokaa. Tuhame? (Mama wa watoto wanne, Kibokoni)

Mamangu, kutikisika ni jambo moja na kushuka ni jingine. Boriti za mikoko hutikisika tangu siku zilipopandishwa. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 2.5 au karibu na 3. Mkoko ukiuzidishia hapo, unapinda. Na zipo zilizopinda zamani zikatulia vivyo hivyo, hazijamdhuru mtu. Cha kukukosesha usingizi ni kushuka kunakoendelea.

Basi pima kushuka huko. Gongomea msumari ukutani kila upande, shibiri moja chini ya boriti, ufunge mshipi wa kuvulia samaki kutoka msumari hadi msumari, uuvute mpaka ulie ukiugusa. Pima kutoka mshipi hadi boriti pembeni, kisha pima katikati. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo tumbo lenyewe. Liandike ukutani kwa penseli pamoja na tarehe, urudie baada ya mwezi. Nyumba mpya ya mbao haitarajiwi kupinda zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wa boriti, yaani kama milimita 8 kwa mita 3. Ya babu haitakupa hesabu hiyo, usiitarajie. Lakini tumbo likiongezeka mwezi hadi mwezi, au chokaa ikianza kukumwagikia kichwani, ita mtu siku hiyo hiyo.

Halafu panda ngazi na bisibisi, uchome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Huko ndiko maradhi huanzia, si katikati unakokutazama. Bisibisi ikigoma, shukuru. Ikiingia kama kwenye papai bivu, hiyo si boriti tena. Mpaka umalize kuzichoma zote, kabati lisogeze ukutani na watoto walale chini.

Fundi wangu anasema ataleta jeki ya lori, ainue sakafu yote siku moja, kisha apachike mbao za inchi sita kwa mbili. Nimkubalie? (Kijana mwenye nyumba, Bondeni)

Mbao sawa. Jeki na siku moja, hapana.

Nakwambia kwa kuwa niliwahi kulifanya. Nilikuwa kijana, kazi ilikuwa Kuze, na nilitaka mwenye nyumba aone maajabu. Jioni moja nikaipandisha dari mpaka ikawa sawa na pima maji. Adhana ya Magharibi inaadhiniwa, mlango wa juu umebana na bibi yuko ndani, na ukutani ufa umetoka pembe ya dirisha umepanda hadi paani. Tulishusha tena usiku ule kwa taa ya chemli. Mlango ulifunguka. Ufa ulibaki, na chokaa ya kuuziba niliinunua mimi.

Boriti iliyochukua miaka arubaini kuinama imezoeana na ukuta, mlango na vigae. Vyote vimeinama nayo. Ukiinua, inua milimita 3, unene wa kadi nne za benki zilizobebanishwa, uache siku mbili tatu, ndipo uongeze. Tumia propu za chuma zenye skrubu, maana jeki ya mafuta hushuka yenyewe usiku. Juu ya propu laza ubao mnene unaokatisha boriti kadhaa, na chini laza ubao mwingine ili uzito usidonoe mahali pamoja. Kabla ya hapo gonga sakafu ya chini usikilize. Nyumba zetu zina visima na mashimo ya choo yaliyofunikwa zamani, na aliyefunika hayupo wa kuulizwa.

Tena si lazima sakafu inyooke kabisa. Ikipanda kiasi cha ubao mpya kuingia na kubeba, tosheka.

Kila asubuhi nakuta unga chini ya boriti. Ni mchwa? (Mpangaji, Makadara)

Uchukue ukausugue kwa vidole. Ukiwa laini kama poda, na kwenye mti kuna vitundu vya mviringo, hao ni fukusi. Ukiwa chembe ngumu, kama mchanga, ni kinyesi cha mchwa wa mti mkavu, ambao huishi ndani ya mti wenyewe wala hawahitaji ardhi. Mchwa wa ardhini huacha alama nyingine, njia za udongo zinazopanda ukutani. Hao ukiwaua juu bila kuwazuia chini, watarudi.

Fukusi na mchwa wa mti mkavu hutibiwa kwa dawa ya borati, ikipakwa kwenye mti mkavu usio na rangi ili unywe. Mafuta machafu ya gari usipake ndani ya nyumba. Najua baba yako alipaka. Yananuka, yanachafua dari, na moto ukitokea yanausaidia. Mkoko mzee una moyo mgumu, mara nyingi huliwa ganda tu, kwa hivyo paruza kwanza uone umebakiwa na nini kabla hujahukumu.

Maji yanakatika wiki nzima. Naweza kuweka tangi la lita 1,000 kwenye chumba cha juu, juu ya boriti?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi likijaa ni tani nzima, imesimama mahali pamoja usiku na mchana. Usithubutu. Liweke chini, upandishe maji kwa pampu.

Boriti mbili za mbao chini ya bafu zimeoza ncha zilizoingia ukutani. Katikati ni nzima kabisa. Lazima zitolewe zote? (Mzee wa Ndia Kuu)

Shikamoo mzee. La, si lazima, lakini kwanza tuyatafute maji. Boriti haiozi bure. Ama paipu inavuja, ama maungio ya vigae yamefunguka, ama ukuta unafyonza maji ya mvua kutoka nje. Mbao mpya ukiifunga kwenye unyevu ule ule, utaniandikia tena miaka mitano ijayo.

Maji yakishakatwa na propu zimesimama, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye mti unaonuka mti. Ukinuka ukungu, endelea kukata. Kisha mimi huifungia boriti mwenza: mbao mpya yenye kina kile kile (kipimo cha ubavu wake kutoka juu hadi chini), inayolala ubavuni mwa ile ya zamani kutoka ukuta hadi ukuta na kuingia ukutani inchi 3 au 4 kila upande. Zishikanishe kwa bolti za nusu inchi na washa pana (visahani vya chuma vinavyokaa chini ya nati), moja juu moja chini, kila futi moja. Misumari peke yake haitoshi, na hewa yetu ya chumvi inaila. Tafuta bolti zilizopakwa zinki.

Kama mbao ndefu haipiti, na kwenye vyumba vyetu mara nyingi haipiti, tia gango kama la mfupa uliovunjika: vipande viwili, kimoja kila ubavu, vinavyoingia ukutani na kulala juu ya mti mzima futi 4 hivi. Mbao iwe kavu. Mbichi itanywea, na boriti mpya itabaki inaning'inia bila kubeba chochote huku ile mbovu ikiendelea na kazi. Mbambakofi ukiupata ni bahati. Saiprasi iliyotiwa dawa inafaa.

Pale inapoingia ukutani, chini yake weka kipande cha nailoni nzito ili unyevu wa ukuta usipande, na kandokando acha nafasi ya kidole ipite hewa. Mafundi wengi huziba pale kwa simiti ili paonekane pamemalizika. Wanachofanya ni kuifungia boriti na jasho lake. Sehemu za ukuta zinazohitaji kuzibwa, ziba kwa chokaa, kwa kuwa ukuta wenyewe ni wa chokaa.

Wenye mikoko ya mviringo, hilo la mwenza halitawafaa sana, maana mti wa duara haukai vizuri ubavuni mwa ubao. Pachika mkoko mpya kando ya ule wa zamani, na kama iko miwili, geuza mmoja ili shina na ncha zipishane.

Fundi wa mabomba amekata boriti tatu juu apitishe paipu. Kuna neno?

Lipo, na linategemea alipokata. Mkato wa juu au wa chini usizidi sehemu moja ya sita ya kina cha boriti, na usiwe katika theluthi ya katikati, ambako boriti inafanya kazi kubwa. Kama alilazimika kupita, angetoboa tundu katikati ya kina, lisilozidi theluthi ya kina hicho. Alipokata vibaya, fungia mwenza kama nilivyomweleza mzee hapo juu. Paipu ahamishe kwa gharama yake.

Tumechoka na boriti. Tuzitoe zote tumwage zege? (Ndugu watatu, Mji wa Kale)

Hesabuni kwanza. Zege la inchi 2 tu lina uzito wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni kilo 1,440, zaidi ya gari dogo. Slabu ya inchi 6 ni mara tatu ya hiyo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, lakini unene si nguvu. Zilijengwa kubeba sakafu za aina yake na kupumua. Nondo nazo, zikipata hewa ya bahari kupitia zege dhaifu au lililochanganywa na mchanga wa pwani, hushika kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani.

Sisemi haiwezekani. Nasema hilo si swali la fundi, ni la injinia aje aziangalie kuta. Na kwa kuwa nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi, piteni kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya nyundo ya kwanza.

Boriti za zamani tulizozitoa tuzichome?

Zenye fukusi, ndiyo, na msizirudishe ndani hata kwa usiku mmoja. Nyingine kateni ncha zilizooza, mwangalie kilichobaki. Juzi nimepata futi 6 nzima kutoka boriti iliyotupwa jalalani, na sasa ni mguu wa kitanda cha mjukuu wangu na benchi la barazani.