Malindi: Kazungu alimwachia nani kiti?

La, ami, unasema Aisha Jumwa alimpokea Dan Kazungu kiti cha ubunge wa Malindi moja kwa moja, lakini sivyo. Umemruka Willy Mtengo. Kazungu alichaguliwa 2013, akateuliwa waziri wa madini, kiti kikabaki wazi. Machi 2016 tukapiga kura ya uchaguzi mdogo, na Mtengo wa ODM akamshinda Philip Charo wa Jubilee. Mji mzima siku zile ulikuwa magari ya kampeni tu, wakubwa wa Nairobi wote wamehamia kwetu! Jumwa aliingia 2017, akitoka kuwa mwakilishi wa wanawake Kilifi. 2022 akaja Amina Mnyazi. Na Gideon Mung'aro, aliyechaguliwa mbunge wa Malindi 2007 kabla ya Kazungu, ndiye huyuhuyu gavana wa Kilifi wa sasa.