Mwalimu aogopwe au awe rafiki? Jibu langu baada ya miaka 11 darasani

Mleta mada ameuliza kama mwalimu anatakiwa kuogopwa au kuwa rafiki wa wanafunzi. Nafundisha hesabu sekondari, huku Mbagala, Dar es Salaam, mwaka wa 11 sasa. Mimi huwa naangalia kitu kimoja: mtoto anaweza kunyoosha mkono mbele ya wenzake akasema "Mwalimu, sijaelewa"? Kama hawezi, hata akikubebea madaftari hadi ofisini kwa tabasamu, hapo hakuna uhusiano.

Nimelijua hilo kwa kumuumiza mtoto wa watu. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na binti wa kidato cha pili anayechelewa karibu kila siku. Nilikuwa namsimamisha nyuma ya darasa mpaka kipindi kiishe. Hakuwahi kujitetea, ni "samahani mwalimu", basi. Siku moja nililala kwa kaka yangu Vikindu. Alfajiri nafika kituoni, namkuta. Daladala ya kwanza konda akaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Walikuwa kama kumi na tano. Ya pili haikusimama kabisa. Ya tatu mimi nikapandishwa haraka, nauli yangu ni ya mtu mzima. Nilipogeuka alikuwa bado pale chini, begi kalikumbatia kifuani, ananiambia shikamoo.

Siku hiyo nilimwita nikamwambia, "Nilikukosea, mwanangu." Wiki iliyofuata akaja mwenyewe na daftari. Alikuwa haelewi kwa nini kwenye 3x + 4 = 19 ile 4 "ikivuka" inageuka kuwa kutoa. Alikuwa anakariri tu tangu kidato cha kwanza. Nikamuuliza kama ameshaona mizani ya mawe dukani kwa Mangi. Ukiondoa jiwe upande huu bila kupunguza sukari upande ule, mizani inalala. Kwa hiyo tunatoa 4 huku na 4 kule, hakuna kinachovuka. Akaandika 3x = 15, akanyamaza kidogo, akaandika x = 5. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa la dakika tano, na alikaa nalo mwaka mzima kwa sababu yangu na ya wenzangu.

Kuhusu fimbo, maana wengi hapa mmeitetea. Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 2002, zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mwalimu anayeingia na fimbo kila kipindi yuko nje ya kanuni. Halafu woga unazaa kunakili: madaftari yote yana vema, mtihani ukija ni sifuri.

Lugha nayo inaziba midomo. Mtoto amesoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi ya serikali, kidato cha kwanza anakuta Kiingereza. Kwangu swali linaulizwa kwa Kiswahili, kisha tunaliandika pamoja kwa Kiingereza cha mtihani.

Ila urafiki wa kuchati na mwanafunzi usiku siukubali hata kidogo. Mazungumzo na mtoto yafanyike mlango ukiwa wazi. Na mwalimu anayeacha mada nusu ili watoto wamfuate twisheni ya kulipia, huyo ameshauza imani yao. Wanafunzi nao wana wajibu: kuja na swali mapema, siyo jioni ya kuamkia mtihani.

Mwalimu mwenzetu mgeni ameuliza atawezaje haya na watoto 80 darasani. Kweli, tangu ada ilipofutwa Januari 2016 madarasa yamefurika. Mimi kila kipindi nachagua watoto watano, nakaa nao kwenye dawati wakati wengine wanafanya zoezi, nasahihisha hapo hapo, namwita kila mmoja kwa jina lake. Jina naliandika nyuma ya daftari langu la maandalio pamoja na anachokwama. Kwa darasa la 80 ni vipindi 16, kama wiki tatu hadi nne. Anza na wanaokaa nyuma karibu na dirisha, wale wa mbele watakufuata wenyewe.