Maswali na Majibu: Trela Linapotikisa Mkia

Swali: Trela langu la kulala lina urefu wa mita 9. Nikifika kilomita 90 kwa saa linaanza kuyumba. Ninunue kifaa gani cha kulizuia?

Jibu: Hujasema lina uzito gani, wala linakandamiza kiungo, pale linaposhikamana na gari, kwa kilo ngapi. Barua za namna hii haziishi, na namba hizo mbili hazimo hata siku moja. Nenda mizani kwanza, trela likiwa na mzigo wa safari. Kwa trela kubwa linalofungwa nyuma ya gari, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote inatakiwa iangukie kwenye kiungo. La kilo 3,000 litakandamiza kwa kilo 300 hadi 450. Chini ya hapo, unaomba kuyumbishwa. (Karavani, yaani matrela ya kulala, nyingi za Ulaya zimeundwa kwa kiwango kidogo zaidi, fuata kitabu chake.)

Ukishapata namba, soma kikomo cha gari na cha kiungo chenyewe. Matangazo hujisifu kwa uzito ambao gari linaweza kuvuta, huku uzito linaloruhusiwa kubebeshwa pale nyuma ukifichwa kwenye maandishi madogo. Na huo wa pili ndio unaowahi kuisha.

Kifaa ni cha mwisho. Ukikifunga kwenye mzigo uliopangwa ovyo, kitanyamazisha dalili mpaka siku utakayopigwa na upepo wa ubavuni ukiwa mteremkoni.

Swali: Mimi nilipima siku niliponunua, ikawa asilimia 12. Mbona sasa linayumba?

Jibu: Ulipima trela tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tenki la lita 200 lililo nyuma ya ekseli limeongeza kilo 200 mahali pabaya kabisa. Ongeza baiskeli ulizoning'iniza kwenye bampa ya nyuma, na jenereta uliyoifuatisha.

Mzigo ulio nyuma kabisa kwenye trela una makosa mawili. Unainua mbele, hivyo kiungo kinapoteza uzito. Halafu mkia ukishaanza kwenda upande, mzigo huohuo unaufanya uwe mgumu kusimama. Ndiyo maana haisaidii kusawazisha kwa kurundika vitu vizito mbele kabisa na vingine nyuma kabisa: mizani itakupa namba nzuri, barabara itakupa jibu jingine. Vizito vikae chini, karibu na ekseli, vikielemea mbele kidogo.

Swali: Nina vyuma vya kugawa uzito. Si vinatosha?

Jibu: Kazi yake ni kurudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele ya gari, ili usukani usiwe mwepesi. Vingine vimeundwa pia na msuguano wa kuzuia kuyumba, vingine havina. Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kurekebisha mzigo uliopakiwa vibaya.

Swali: Nimeambiwa likiyumba nikanyage mafuta ili linyooke. Ni kweli?

Jibu: Hapana, na aliyekuambia asikuendeshe. Mwendo ndio unaolisha kuyumba. Achia mafuta, shika usukani unyooke, usihangaike kuufukuza mkia kulia na kushoto. Usigandamize breki za gari kwa nguvu. Kama una swichi ya breki za trela karibu na usukani, zitumie hizo peke yake, taratibu, lakini mapema. Mkono wako uijue swichi hiyo kabla hujatoka nyumbani. Trela likishaanza kuchapa huku na huku hutapata nafasi ya kuitafuta. Likitulia, simama mahali salama utafute sababu. Wengi hupumua tu, kisha wakarudi kwenye mwendo uleule.

Swali: Mbele ya trela painuke kidogo?

Jibu: La. Liwe sawa, au liiname mbele kidogo.

Swali: Matairi yana uhusiano wowote?

Jibu: Mkubwa. Yajaze upepo yakiwa baridi, na usiyasahau ya nyuma ya gari, kwa maana ubavu wa tairi ukiwa laini hulegeza kila kitu. Matairi ya trela yana kikomo chake cha mwendo, na baadhi ni kilomita 105 tu kwa saa. Wanaonipita na matrela yao kwa 120 sijui wanasoma nini.

Swali: Nirudi nyuma bila kufungua chuma cha msuguano, kile cha kuzuia kuyumba?

Jibu: Kitoe. Kona kali ya kurudi nyuma hukipinda.