Jibu: Matumbawe laini yamenywea tangu yafike

Waalaykum salaam ndugu yangu. Unasema matumbawe laini uliyoletewa wiki iliyopita kwa tangi lako la samaki wa baharini yamejikunja hayafunguki, na lile la umbo la uyoga limevaa utando unaong'aa, ilhali samaki wazima.

La uyoga usilitoe. Utando ule kama nta ni ngozi kuukuu linaivua. Likimaliza litachanua tena. Elekezea mkondo wa maji uuondoe, usilisugue. Ila nyama ikilainika, ikawa kahawia na kunuka, hapo linaoza: kata pabovu upesi kabla halijachafulia mengine.

Kwa hayo yaliyobaki, pima chumvi kwanza. Kwa joto letu la Unguja, kaskazi hasa, maji ya tangi hupungua kila siku na chumvi inabaki mle mle. Inatakiwa iwe gramu 35 hivi kwa lita. Je, unajazia maji gani? Ukijazia ya bahari, chumvi inazidi kupanda. Ya kisima siyaamini, mengi yana chumvichumvi. Jazia maji yaliyochujwa madini, na ukishusha shusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Taa nayo ipunguze. Mimi mageni huyaweka chini kabisa, mchangani, kisha nayapandisha taratibu.

Ukishapima niandikie umepata ngapi.