Simu inaongea sana, na bado siielewi

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu simu zinazosoma skrini, kuna wale hawaoni na wanazitumia kila siku, na kuna wale wanaona vizuri lakini simu imeanza tu kuongea yenyewe. Nyingi ni za TalkBack, ile inayokuja na Android, kwa sababu huku kwetu Android ndio iko kwa mfuko wa wengi. Wenye iPhone mnivumilie.

Mtoto wangu alichezea simu, sasa kila nikigusa mahali inaongea na inaweka kaboksi kuzunguka kitu. Nikibonyeza app haifunguki, nikiteleza kidole haiendi. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia ni virusi na lazima aiflashi, mia nane. Picha zangu si zitapotea? – Baba watoto, Free Area, Nakuru

Baba watoto, hiyo mia nane nunulia watoto maziwa. Hakuna virusi hapo. Shika vibonyezo vyote viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, vibane pamoja kama sekunde tatu hivi, utasikia TalkBack imezima. Pengine hata mtoto aliiwasha hivyo hivyo, maana mikono yao midogo inapenda kushika simu pembeni.

Ikikataa, basi hiyo njia ya mkato haijawekwa kwa simu yako, itabidi uingie kwa setingi na ufuate sheria zake: gusa mara moja ili kitu kichaguliwe, halafu gonga mara mbili haraka haraka popote kwa skrini ndio kifunguke, na ukitaka kuteremka chini tumia vidole viwili pamoja si kimoja. Ingia Settings, tafuta Accessibility (simu ikiwa imewekwa Kiswahili tafuta penye neno ufikivu), ndani utaona TalkBack, zima. Hakuna picha inapotea. iPhone nayo ni kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, au kile cha mbele kwa zile za zamani, kama njia hiyo ya mkato iliwekwa.

Na hao mafundi wa kuflashi kila kitu, sitaki hata kuanza.

Mulembe ndugu mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu, glakoma ilinimaliza macho. Mjukuu wangu aliniwashia TalkBack akarudi chuo Nairobi. Sasa inasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka ndege jana, ni pole pole mno, na kila kitu inaongezea maneno, gusa hivi ili ufanye vile. Nikipiga *334# ya M-PESA kabla haijamaliza kusoma orodha laini inakata. Nimeanza kuamini ni uzee. – Mwalimu, Lurambi, Kakamega

Mulembe muno mwalimu. Si uzee. Mjukuu amekuwashia simu ikiwa vile ilitoka kiwandani, na vile inatoka kiwandani imepangwa kwa mtu anayejifunza siku ya kwanza, kwa hivyo inaeleza kila kitu, tena taratibu. Watu tunaoitumia kutwa huwa tunainyamazisha kwanza, mengine baadaye. Nitakupeleka kwa mpangilio ambao mimi ningefuata, na kama kuna kijana hapo nyumbani akusomee hii barua ukiwa na simu mkononi.

Anza na ile sauti. Anayeongea si TalkBack yenyewe, TalkBack inachagua tu cha kusema halafu inampa msemaji mwingine aseme, na huyo msemaji kwa simu nyingi ni ule mtambo wa Google wa kusoma maandishi. Yako inasoma kwa sauti ya Kiingereza ndio maana "nimepata" inatoka kama jina la dawa. Ingia Settings, Accessibility, halafu Text-to-speech output. Hapo utapata jina la mtambo na pembeni yake setingi zake, fungua, tafuta Install voice data, teremka mpaka Kiswahili, pakua. Tafuta wifi ya jirani kama bando ni kidogo. Ikishaingia, rudi nyuma ukaweke lugha iwe Kiswahili. Sauti ya Kiswahili nayo ina vituko vyake, ikikutana na neno la Kiingereza italisoma silabi kwa silabi, lakini kwa mtu ambaye meseji zake nyingi ni za Kiswahili ni afadhali mara kumi. Kuna mtambo mwingine unaitwa eSpeak NG, ni mdogo, unajua Kiswahili na hauhitaji intaneti, sauti yake ni ya roboti kabisa na watu wengi wakiusikia mara ya kwanza wanautoa, ila ukiukimbiza haumezi maneno, ndio sababu wazee wa hii kazi wanaupenda.

Pili, mwendo. Kwa ukurasa huo huo wa Text-to-speech kuna Speech rate, ongeza kidogo. Usiruke mpaka mwisho kwa sababu ulisikia kijana wa shule ya wasioona ya Kibos simu yake inaongea kama mnadani, yeye amefika hapo kwa miaka. Ongeza mpaka uhisi imekuzidi kidogo tu, iache hivyo, ukishazoea ongeza tena. TalkBack za siku hizi zinakuwezesha kubadilisha mwendo bila kurudi kwa setingi: peleka kidole juu kisha chini bila kukiinua, kila ukifanya hivyo itataja kitu kingine, herufi, maneno, mistari, mpaka itaje Speech rate, halafu sasa ukiteleza juu inaongeza, chini inapunguza.

Tatu ni yale maneno ya ziada. Chora kidole chini kisha kulia kwa mkupuo mmoja, menyu ya TalkBack inafunguka, ingia TalkBack settings, halafu Verbosity. Ndani kuna Speak usage hints. Zima hiyo kabisa. Wewe tayari unajua kitu kinafunguliwa kwa kugonga mara mbili, huhitaji kukumbushwa kila unapogusa. Ukizima hiyo peke yake utaona simu imekuwa nyepesi, ingawa haijabadilika chochote kwa mwendo.

Sasa *334#. Kuna mtu atakuambia uende Accessibility uongeze muda wa kuchukua hatua, ile inayoitwa Time to take action. Ni setingi nzuri, inasaidia vijimeseji vya simu yenyewe vinavyotokea na kupotea, lakini kwa USSD, yaani hizo namba za nyota na reli kama *334#, haifanyi kitu, sababu ile saa inahesabiwa kule kwa mtambo wa kampuni ya laini na si kwa simu yako. Zile mbili tulizofanya juu ndio zitakuokoa, mwendo na kukata maneno. Ama uachane na *334# utumie menyu ya M-PESA iliyo kwa laini yenyewe, ile ya SIM Toolkit, kwa sababu hiyo orodha imekaa ndani ya laini, saa ya kampuni haihesabu ukiisikiliza, ingawa ukikawia sana nayo simu inaweza kuifunga, inatuma mambo mwishoni ukishajaza yote.

Kitu kingine hukuuliza lakini najua kinakuudhi. Meseji ya M-PESA inaanza na ile code ya herufi na namba kumi zilizochanganyika, na simu inaisoma yote kabla ufike kwa pesa. Ukiwa umefungua meseji, chora juu kisha chini mpaka itaje maneno, halafu teleza chini kidogo kidogo, neno baada ya neno, unaruka code, unaruka Confirmed, unafika kwa kiasi. Na kama jina la mtu limesomwa vibaya, badilisha iwe herufi, itakutajia moja moja. Mimi hiyo ya herufi huitumia kila mara kabla ya kutuma pesa kwa namba mpya, na ukitumia hakuna mtu atakwambia baadaye ulikosea tarakimu.

Nauza omena Kibuye, naona kidogo sana. Jumapili soko limejaa, nikiweka pini simu inaitaja kwa sauti moja, mbili, tatu, nne, na mteja amesimama hapo. Nifanyeje? – Mama omena, Kisumu

Mama, hii ni ya haraka kuliko zote. Kwa hapo Verbosity nimemtajia mwalimu, kuna Speak passwords. Hakikisha imezimwa. Ikizimwa, ukiandika pasiwadi simu haitaji namba kwa spika, itazitaja tu ukiwa umechomeka hedifoni.

Lakini kuna mtego. Setingi hiyo inafanya kazi pale simu inapojua kwamba hicho kijisanduku ni cha pasiwadi. Kile kisanduku cha USSD, simu inaweza kukiona kama cha kawaida tu, kwa hivyo namba zinatokea wazi na zinatajwa wazi. Ndio maana nakuambia pia wewe uhamie SIM Toolkit au app, huko pini inafichwa. Kabla hujaamini, jaribu nyumbani na jirani mmoja tu wa kuaminika, sikiliza kama itataja.

Hedifoni weka sikio moja tu. Lile lingine liache kwa wateja na kwa boda boda. Za waya ni bora kwa soko kuliko bluetooth, bluetooth ikikatika sauti inarudi kwa spika ghafla na wakati mbaya. Halafu kwa menyu ya TalkBack, ile ya kuchora chini kisha kulia, kuna Hide screen: skrini inakuwa nyeusi tii lakini simu inaendelea kufanya kazi, anayechungulia kwa bega haoni salio wala meseji. Kwa vile unaona kidogo najua hutataka iwe hivyo siku nzima, iweke wakati wa kulipwa tu.

Ukitaka sauti ya msomaji iwe kubwa na ya muziki iwe ndogo, bonyeza kibonyezo cha sauti wakati TalkBack inaongea. Ikiwa imenyamaza utabadilisha sauti ya kitu kingine.

Sasa boss, niko kidato cha tatu, shule nimetumia Perkins, ile mashine ya kuandikia breli, tangu primary. Kuandika kwa kibodi ya skrini ni mateso, herufi moja moja. Nimesikia kuna breli ndani ya simu, ni ukweli ama ni stori? – Mwanafunzi, Bungoma

Ni ukweli, na wewe ndio mtu iliwekewa. Google waliiongeza kwa TalkBack mwaka 2020, haihitaji kifaa chochote cha kununua. Ingia TalkBack settings, tafuta Braille keyboard, iwashe, halafu ukiwa mahali pa kuandika badilisha kibodi uende kwake. Simu unailaza upana, skrini iangalie mbele mbali na wewe, vidole gumba na viganja vinashika pembeni, vitatu vya kushoto ni nukta 1, 2, 3 na vitatu vya kulia ni 4, 5, 6. Kuteleza kulia ni nafasi, kushoto ni kufuta. Vidole viwili juu unatuma, viwili chini unaficha kibodi.

Kwa Kiswahili chagua Kiingereza daraja la kwanza, breli isiyofupishwa. Herufi zetu ni zile zile, hata ng'ombe inaandikika, ile alama ni nukta 3 tu. Ukiweka daraja la pili utashangaa, maana najua nyinyi vijana mnaandika "n" mkimaanisha na, "k" mkimaanisha okei, na breli iliyofupishwa itakuandikia not na knowledge katikati ya stori yako na msichana.

Shida iko kwa vioo. Simu zingine za bei ya chini kioo hakitambui vidole vingi kwa wakati mmoja, na breli inataka mpaka sita. Kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuwashie TalkBack dukani, fungua hiyo kibodi uandike y. Hiyo y ni nukta 1, 3, 4, 5, 6, vidole vitano kwa mpigo. Ikitoka herufi nyingine kila ukijaribu, rudisha simu kwa kaunta, jaribu ile ya pembeni. Wengine watakukasirikia eti unachezea simu zao, wacha wakasirike.

TalkBack yangu inazima yenyewe, mara nyingi nikiwa kwa basi. Lazima nitafute mtu anirudishie. – Msomaji, Siaya

Setingi ya kuokoa betri, au ile programu ya kusafisha simu, inaizima ikidhani ni kitu kisichotumika. Kwa simu nyingi unaingia Settings, Apps, tafuta Android Accessibility Suite, ndimo TalkBack inakaa, hapo Battery weka Unrestricted, na kama kuna programu ya kusafisha ondoa TalkBack kwa orodha yake. Kisha fungua setingi za TalkBack uhakikishe ile njia ya mkato ya vibonyezo viwili vya sauti imewashwa, ndio hata ikizima tena ukiwa kwa basi usihitaji macho ya jirani. Simu ikipata apdeti kubwa, angalia hizo mbili tena, zingine hurudi zilivyokuwa.