Vitezi viwili juu ya figo, maswali yenu ya kotisoli

*Nimemeza predinisoloni miezi minne sababu ya pumu, sasa niko poa kabisa, naweza kuziacha tu?*

Hapana, usithubutu. Iko hivi: juu ya kila figo kuna kitezi kiitwacho adrenali kimekaa kama kofia, gramu nne tano hivi tu, na tabaka lake la nje ndo linatengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa na misukosuko, likiamrishwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo inayotuma homoni ya ACTH. Sasa predinisoloni ni ndugu yake kotisoli, ukimeza kila siku pituitari inaona damuni kumejaa inanyamaza, na tezi isiyotumwa kazi inalala, yaani inasinyaa kweli. Ukikata vidonge ghafla mwili unaita kotisoli haitiki mtu, unaanza kizunguzungu, kutapika, presha inashuka, na homa kali au ajali ikikukuta hapo unaweza kufa. Dozi inashushwa kidogo kidogo na daktari aliyekuandikia, na kwa miezi minne ulomeza jiandae kwa wiki kadhaa au hata miezi.

*Uso wangu umekuwa duara, tumbo limeota ila mikono na miguu imekonda. Situmii vidonge vyovyote, napaka krimu ya kung'arisha ngozi tu.*

Hiyo "tu" ndo inanitisha. Krimu nyingi za aina hiyo zina klobetasoli, steroidi kali, yaani dawa ya jamii moja na predinisoloni, na ukipaka mwili mzima kila siku inaingia kwenye damu. Dalili zako zinafanana na Kushing, yaani kotisoli kuzidi. Unene wa kawaida nao unaleta kitambi, kwa hiyo angalia vingine: michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi kuvilia damu ukigongwa kidogo, kushindwa kuinuka kwenye kiti bila kujishikilia. Nenda hospitali na kopo la krimu mkononi, na usiache kupaka ghafla, sababu ni ileile niliyomjibu mwenzio hapo juu.

*Dada yangu amekonda, amechoka, anaramba chumvi, na anazidi kuwa mweusi. Watu wanasema karogwa.*

Mpeleke akapimwe Adisoni, leo sio kesho. Hapo tabaka la nje la tezi limeharibika lenyewe. Thomas Addison alipoueleza mwaka 1855 wagonjwa wake wengi walikuwa na kifua kikuu kwenye tezi, siku hizi mara nyingi ni kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe ila kifua kikuu bado kipo. Chumvi anaitamani kwa sababu aldosteroni, homoni nyingine ya tabaka hilo inayozuia chumvi isipotee, imekwisha, sodiamu inamwagika na mkojo. Weusi unatoka kwa pituitari inayopiga kelele bila kujibiwa, maana ACTH ikizidi inachochea rangi ya ngozi. Kama ni mweusi wa asili mmulike fizi na tochi ya simu, tazama mistari ya viganja na makovu mapya, linganisha na picha zake za zamani. Dawa ni haidrokotizoni na fludrokotizoni maisha yote, na akipata homa dozi ya haidrokotizoni inaongezwa, kawaida mara mbili. Akitapika vidonge ni sindano na dripu haraka, asisubiri.

*Presha yangu haishuki na dawa tatu, inahusiana?*

Inaweza. Mwaka 1955 Jerome Conn alieleza ugonjwa wa aldosteroni kuzidi, mwili unang'ang'ania chumvi na kupoteza potasiamu. Omba kipimo cha aldosteroni na renini, ile kemikali ya figo inayoamrisha aldosteroni, hata kama potasiamu yako iko sawa. Ikikutwa ni tezi ya upande mmoja, inatolewa kwa upasuaji.

*Nimeambiwa adrenali zangu "zimechoka", nauziwa kapsuli.*

Ugonjwa huo madaktari wa homoni hawautambui. Pima kotisoli asubuhi saa mbili ikiwa juu, jioni ni kawaida kuwa chini, na pima wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Halafu baadhi ya hizo kapsuli zimewahi kukutwa na steroidi ndani, kwa hiyo kama umeshameza muda mrefu soma tena jibu la kwanza.