Maswali ya Wasomaji: Karo Linajaa, Je, Tufunge Mtambo wa Utando?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa jengo la ghorofa lenye familia 24 hapa Dar es Salaam. Karo letu hujaa kila mara, na gari la kunyonya majitaka linatumaliza fedha. Fundi mmoja anatushauri tufunge mtambo unaosafisha majitaka kwa vijidudu wasiohitaji hewa pamoja na chujio la utando. Anasema tutapata maji ya bustani na gesi ya kupikia jengo zima. Maji yetu ni ya kisima, nayo yana chumvi kidogo. Je, tumwamini?

JIBU: Ndugu Katibu, kuhusu maji fundi wenu amesema kweli, ila kuhusu gesi ametia chumvi.

Vijidudu anaowazungumzia tayari wamo ndani ya karo lenu, wakila uchafu pasipo oksijeni na kutoa metheni, ndiyo hiyo gesi ya kupikia. Tatizo ni kwamba wale wanaotengeneza metheni huzaliana polepole mno, na wengi huchukuliwa na maji yanayotoka kabla hawajamaliza kazi. Utando ndio unaowazuia: vitundu vyake kwa kawaida havifiki nusu ya mikromita, yaani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, hivyo maji hupita huku tope na vijidudu vikibaki tangini. Kwa kuwa hakuna hewa ya kupuliza ili kuwalisha vijidudu oksijeni, umeme mwingi huokolewa, na tope linalozalishwa ni kidogo. Majaribio ya Bucheon, Korea Kusini, yalionyesha kwamba njia hii husafisha majitaka ya nyumbani hata wakati wa baridi, sembuse katika joto la Dar es Salaam.

Maji yanayotoka huwa maangavu, lakini bado yana amonia na fosforasi, ambazo ni mbolea kwa bustani. Baadhi ya virusi ni vidogo kiasi cha kuweza kupenya, kwa hiyo msimwagilie nyanya wala vitunguu vya kachumbari.

Sasa tupige hesabu ya gesi. Tuseme mko watu 100, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, yaani mita za ujazo 10 kwa jumla. Uchafu wa majitaka, ukipimwa kwa oksijeni inayohitajika kuuchoma kikemia, tuuchukulie kuwa gramu 600 katika kila mita ya ujazo, ambazo ni kilo 6 kwa siku. Mtambo ukiondoa kilo 5, na kila kilo ikitoa metheni isiyozidi lita 350, mtapata mita za ujazo 1.75 kwenye karatasi. Mkitoa ile inayotoka ikiwa imeyeyuka ndani ya maji, mtabakiwa na nishati ya kilo moja hivi ya gesi ya mtungi kwa siku, ya kugawana familia 24. Hiyo metheni iliyoyeyuka si ya kupuuzwa: ikijikusanya katika chemba iliyofungwa hadi kufikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Chumvi ya kisima ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Huku pwani mara nyingi hutokana na maji ya bahari yanayopenya ardhini, nayo yana salfeti nyingi, yaani chumvi zenye salfa. Pasipo oksijeni, vijidudu wa aina nyingine huitumia salfeti hiyo na kuwanyang'anya chakula wale wa metheni, kwani kila gramu 3 za salfeti humaliza gramu 2 za uchafu niliokwisha kuutaja. Maji yakiwa na miligramu 300 za salfeti kwa lita, theluthi ya chakula imekwenda, na mnacholipwa ni haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayonuka kama yai viza na kula zege la chemba na vyuma vya jiko.

Kabla ya kulipa hata senti, pimisheni salfeti ya kisima. Kisha mwulizeni fundi ni nani atakayeosha utando, kwa sababu mafuta ya kupikia na ute wa vijidudu huuziba. Huhitaji kusuguliwa kwa mapovu ya gesi, na mara kwa mara kuoshwa kwa klorini na asidi ya sitriki. Kama jengo halina mtu wa kazi hiyo, mimi nisingeufunga. Na hata mkiufunga, gari la kunyonya bado litakuja kuchukua tope, ila kwa nadra.

SWALI: Je, dawa za kusafishia choo haziwaui vijidudu hao?

JIBU: Kifuniko kimoja cha dawa hupungua makali kikichanganyika na maji ya nyumba nzima. Kumwaga galoni zima kwa mkupuo ni jambo jingine: vijidudu wa metheni wakifa, huenda zikapita wiki kadhaa kabla mtambo haujarudia hali yake.